Sifuri katikati ya betri

Jumamosi. Mvua tangu asubuhi, matope mpaka mlangoni, na mimi nimekaza moyo.

Wakaaji wote wa mtaa wetu wa Mudzipela wanatangaziwa kwa heshima kubwa: tangu leo nyumba yetu inamiliki sifuri.

Nieleze. Kisanduku cha kukuza sauti ya gitaa la kwaya kinataka volti chanya upande mmoja, hasi upande mwingine, na sifuri katikati. Sehemu yake ya kupokea umeme wa ukutani iliungua. Mimi nina betri moja tu, ya volti kumi na mbili. Na mke wangu, anayeongoza kwaya, amekwisha kuahidi kwamba kesho gitaa litasikika, kwa kuwa bwana wake ni fundi.

Huyo fundi ni mwalimu wa jiografia.

Nilifunga rezistansi mbili zinazolingana, vipande vya kuzuia umeme, moja nyuma ya nyingine, toka chanya ya betri mpaka hasi. Kila moja nikaipa kondansateri ubavuni, ya kutuliza umeme. Katikati yao, sifuri. Nikapima: sita juu, sita chini. Nikatembea sebuleni kama waziri.

Kisha nikaunga kisanduku, nikachomeka simu humo, nijaribu kwa wimbo. Kondansateri ya juu ikavimba, ikatoa moshi.

"Papa Neema," mke wangu akaita toka jikoni, "weye unatengeneza ao unapika?"

"Ni ile kondansateri ya soko! Yule muuzaji anauzisha vitu mbovu!"

"Basi kesho siye tutapiga gitaa na mdomo."

Nikatia nyingine. Nayo ikavimba.

Sikuacha. Siwezi kushindwa na kitu kidogo kama harage.

Ukweli ni huu. Hapa kwetu betri haikai bila simu kuning'inia juu yake, na simu ile ilikuwa inachaji kwenye betri ileile. Waya wa chaji ulishika hasi. Waya wa sauti ulishika sifuri yangu. Vikakutana ndani ya simu, sifuri ikaanguka mpaka kwenye hasi, na kondansateri ya juu, iliyoandikwa volti sita na kidogo, ikabebeshwa zote kumi na mbili.

Simu ni yangu. Niliichomeka mwenyewe.

Nimeichomoa kwenye chaji, nikatia kondansateri niliyoitoa kwenye redio ya zamani. Sauti safi! Mke wangu ameimba ubeti mzima, unga mikononi.

Ila amekwisha kuwapigia wanakwaya wote, kuwaonya juu ya yule muuzaji. Kesho nitasimama mbele yao nimsafishe jina.

Lakini kwanza gitaa lipigwe.