Dada Rhobi, Nimeandika Tathmini ya Kisima Chako

Dada Rhobi,

Mwaka na miezi kadhaa imepita tangu tukuzike kwenu Kerende. Sikukuandikia mapema kwa sababu sikuwa na la maana la kukuambia. Ofisi bado iko Nkende, meza yako wamenipa mimi, na yule jirani wa mashine ya kusaga bado anatupigia kelele kuanzia asubuhi. Sasa ninalo jambo, na ni vizuri ulisikie kwangu.

Wiki yangu ya kwanza kazini, nikiwa nimetoka kwetu Nata, ulinituma kuangalia josho la ng'ombe tulilokuwa tumekarabati, ukasema nikuletee tathmini. Nilikuletea kurasa tatu: saruji iliyotumika, mafundi, waliohudhuria uzinduzi, hadi sala ya kufungua. Ulizisoma umesimama, ukanirudishia.

"Makuru, hii ni ripoti. Mimi nilikuomba tathmini."

Nilikujibu kwamba nilidhani tathmini ni ripoti iliyo ndefu. Hukucheka. Ulisema, "Ripoti inaniambia kilichofanyika. Tathmini inaniambia kama kimefaa, na umejuaje. Ripoti unaweza kuiandika bila kusema neno lako. Tathmini lazima useme, halafu ulisimamie."

Niliyaandika maneno hayo nyuma ya daftari. Kwa miaka minne nilidhani nimeyaelewa.

Miezi michache baada ya msiba mkurugenzi wa shirika letu aliniita. Wafadhili walikuwa tayari kuchimba visima vingine kwa mfano wa kile cha Susuni, kile ulichokisimamia wewe tangu siku ya kwanza. Kabla ya hapo walitaka tathmini. Nilienda peke yangu, na safari hii sikuwa na mtu wa kunitafsiria Kikurya.

Mama Ghati, yule mwenyekiti wa kamati ya maji, alinipokea. Nilipiga pampu mwenyewe, maji yakatoka mengi na kwa nguvu. Nikaandika: pampu ni nzima. Akaniangalia nikiandika, kisha akasema kwa Kiswahili, "Mura, kijana wangu, pampu ni nzima kweli. Maji ndiyo hatunywi."

Aliniingiza jikoni akanichemshia chai kwa maji yale. Ilitoka nyeusi kama wino, na ulimi ukabaki na ladha ya msumari. Akanionyesha shuka la mtoto lenye madoa ya kutu. Wanawake wa kitongoji kile bado wanateremka mtoni na ndoo zao kama zamani. Pale kisimani watoto wa shule wananawa miguu.

Nikamuuliza, "Dada Rhobi mlimwambia?"

"Tulimwambia. Akaandika."

Niliporudi nilifungua jalada. Ni kweli uliandika. Kwenye ripoti ya robo mwaka moja kuna mstari: "Wananchi wamelalamikia ladha ya maji." Robo iliyofuata mstari uleule, neno kwa neno. Robo ya tatu vilevile. Maji yalipimwa mara moja tu, wakati wa masika yakiwa mengi, na baada ya hapo hakuna chochote. Nilitafuta mahali uliposema maji hayo yanafaa au hayafai, tuendelee au tusimame. Sikupaona. Wewe, dada, uliyenirudishia kurasa zangu tatu.

Sikukasirika.

Rasimu yangu ya kwanza ilisema "changamoto za ladha zilibainika". Nikaisoma nikaona nimefanya kilekile. Mkurugenzi naye, ambaye alikupenda, aliniambia, "Marehemu tumwache apumzike. Andika kwamba kisima kinafanya kazi." Na haungekuwa uongo. Pampu inafanya kazi.

Niliandika hivi: "Kisima kinatoa maji, lakini hakijawasaidia wanawake wa kitongoji hiki. Malalamiko yao yaliandikwa mara tatu na hayakufuatiliwa. Aliyepaswa kuyafuatilia ni msimamizi wa mradi, na ofisi ilipaswa kumuuliza." Jina lako sikuliweka, lakini msimamizi alikuwa mmoja na wote wanamjua. Nikaweka sahihi yangu.

Kabla haijatumwa nilikwenda Kerende kwa mama yako, asije akasikia kwa watu. Alikuwa anachambua maharage. Nilimwamkia, nikamweleza yote. Akauliza, "Kwa hiyo alikosea?"

"Ndiyo, mama. Aliandika, ila hakuamua."

Aliokota jiwe dogo kwenye maharage akalitupa. Kisha akasema, "Mwaka ule wa kisima alishaanza kuumwa. Kuna siku alikuwa anatoka kwa daktari anapitia hapa kulala kwanza, ndipo arudi kazini. Hakutaka mjue."

Mimi nilikaa meza ya pili kutoka kwako mwaka mzima. Niliona unachelewa. Mstari uleule ulipita mikononi mwangu mara tatu bila kuutilia maanani, kwa sababu ripoti zile nilizichapa mimi. Sikukuuliza kitu.

Tathmini sikuibadilisha. Ugonjwa wako sikuuandika, haukuwa wangu kuuandika. Ila kwenye maneno "ofisi ilipaswa kumuuliza" niliongeza "na mimi nikiwemo". Mkurugenzi alikaa nayo wiki mbili, halafu akaituma bila kufuta neno.

Wafadhili walisimamisha uchimbaji hadi maji ya maeneo yote yapimwe wakati wa kiangazi pia. Visima vya vijiji viwili vimehamishiwa sehemu nyingine. Susuni wamejengewa tenki la kuchujia lenye mchanga na kokoto, na Mama Ghati alinipigia simu kusema chai sasa ina rangi ya chai. Wapo wazee wachache bado wanakwenda mtoni. Hilo nalo nimeliandika.

Pumzika, dada yangu. Kazi yako nimeisema ilivyokuwa, na sijaacha kukuheshimu hata siku moja. Ninachokuahidi ni kidogo: mwenzangu yeyote wa ofisini akianza kuchelewa, nitavuta kiti nikae mbele yake, nimuulize kwanza anaendeleaje, na nitasubiri jibu.

Mdogo wako,
Makuru