Meza Mbili, Kitambaa Kimoja

Pensilvenia, Oktoba 2023

Dada yangu Rahila,

Shikamoo. Najua hujaisikia shikamoo yangu tangu matanga ya Baba, na hii pia pengine utaikataa, lakini mkubwa ni mkubwa. U hali gani? Mgongo wa shemeji Asaad umepoa? Na watoto je, ambao huyo wa mwisho hata kwa jina simjui? Sisi ni wazima wa mwili, alhamdulillahi. Barua hii naituma karakana ya shemeji huko Firq, kwa sababu nyumba yako ya Nizwa siijui, na simu yangu huipokei. Sikulaumu.

Nimekuja Amerika kumtazama mwanangu Tahani, anasoma huku mwaka wa pili sasa. Juzi mwalimu wake alitualika tufuatane naye kwenda kula chakula cha mchana kwa Waamishi. Hawa ni Wakristo wenye mambo ya kizamani: umeme hawautaki, gari hawaendeshi, wana vigari vya farasi. Wanaume wamefuga ndevu, wanawake wamefunika vichwa, na hakuna anayetia tonge mdomoni kabla ya dua. Wallahi nilijihisi niko kwetu Ibra kwa mashangazi zetu. Nikamtania Tahani kwamba mchumba tutamtafuta huku huku. Alinitazama kwa jicho hilo!

Mwenye nyumba anaitwa Bibi Lydia. Alitupikia viazi, mayai na mkate wa moto, na nyama ya nguruwe akaiondoa mezani mwenyewe kabla hatujamwambia kitu. Tulipokuwa tunakaa, akaingia binti yake, Miriam, amekuja na gari lake, nywele wazi. Mama yake akamkumbatia, kisha akamkalisha mwisho kabisa wa meza, karibu yangu. Nami, kwa ukarimu wangu wa kujifanya mwenyeji, nikachukua sahani ya mkate nikaiweka kati yangu na yeye. Sahani ikazama! Mkate wote chini. Kumbe meza zilikuwa mbili, zimeachana kiasi cha upana wa kiganja, na juu kimetandikwa kitambaa kimoja ili mgeni asiuone mwanya.

Niliona haya, Dada, sijui pa kuuweka uso. Tahani akanifasiria. Miriam alibatizwa na kula kiapo, halafu akatoka akaolewa na mtu wa nje. Kwa sheria yao hali nao meza moja, wala chochote hakipokelewi mkononi mwake. Akitaka kumpa mama yake bakuli, kwanza aliweke, ndipo mama yake aliokote. Bibi Lydia akasema kwamba kila mwaka yeye huzisogeza meza zile kwa kidole kimoja, na mkubwa wa kanisa bado hajaja na futi kuzipima. Akacheka, na huku machozi yanamtoka. Wote wakacheka naye.

Mimi sikuweza. Nilikuwa nakuona wewe, Idi ile uliyokuja Ibra baada ya kuolewa na Asaad. Baba alikuwa keshasema mumeo si kufu yetu, hatulingani naye kwa ukoo, na mkono wako hautoingia tena katika sinia lake. Sote tumelizunguka sinia la wali, na wewe umetengewa sahani barazani, peke yako kama mpita njia. Sahani ile nilikuletea mimi. Ukanambia ahsante, na mimi sikukujibu.

Sasa nisikilize, maana nimezunguka vya kutosha. Siku ya matanga nilikwambia kwamba Baba amekufa hajakusamehe. Niliongopa. Alhamisi, siku mbili kabla hajafa, alinambia nikuite. Alisema amekupa radhi yake, wewe na mumeo na watoto wenu, na anataka kula nawe sinia moja. Akanituma nipike wali wa nazi na nguru wa kupaka, kwa sababu ndio chakula chako. Nikapika. Simu ilikuwa mkononi mwangu na nambari yako nimeihifadhi. Sikupiga.

Utaniuliza kwa nini. Miaka saba nilimwogesha mimi, nikamlisha mimi, nikamgeuza kitandani mimi, na siku ya kuagana jina alilolitaka likawa lako. Wivu, Dada, hauna jina jengine. Aliponiuliza, nikamwambia nimekupigia na umesema huji. Akasema una haki. Wali hakuugusa. Siku ya pili nikamtilia uji kwa kijiko, akafumba mdomo. Jumamosi asubuhi akaondoka, na sinia lile lilikuwa bado jikoni limefunikwa kawa.

Bibi Lydia ana mwaka ujao wa kuzisogeza meza zake. Mimi sina. Nimemzika Baba akiamini umemkataa, na wewe umeishi miaka mitatu ukiamini amekukataa, na kati yenu nilikuwa mimi tu. Nimetubu kwa Mola wangu mpaka magoti yameota sugu, lakini toba ya kumfikia Baba siijui.

Sikuombi unisamehe. Uso wa kukuomba sina, na moyoni sitaraji. Nataka ujue tu kwamba radhi ya baba yako ni yako tangu Alhamisi ile. Niliikalia mimi.

Nisalimie shemeji, nawe nibusie watoto wote, hata huyo nisiyemjua. Tahani anakuamkia. Amekaa hapa mbele yangu, anadhani nakusimulia habari za farasi.

Ni mimi mdogo wako,
Fawziya