Sentensi ya Kumi

Jumatatu, 3 Machi

Nimeficha jambo miaka sita. Nimewaficha wanangu wote wawili, na zaidi huyu kitinda mimba, anayenipikia na kunifunga vifungo vya shati. Daktari wa moyo ameniambia nihesabu miezi. Basi niliandike humu kwanza, nione kama mkono utakubali.

Haujakubali. Kesho.

Jumanne, 4 Machi

Mtaalamu wa masikio ametupa mazoezi. Anasema kifaa hiki kipya cha kusikia kinaleta sauti tu, kuelewa ni kazi ya ubongo, na wangu umelala siku nyingi. Kila asubuhi binti yangu akae kushotoni kwangu, afunike mdomo kwa kitambaa, asome sentensi kumi. Mimi niandike ninachosikia.

Yaani imla! Mimi, mwalimu wa imla miaka thelathini na minane, niliyewafinya watoto wa watu masikio nikiwaambia wayafungue!

Nimepata tatu. Kasahihisha kwa kalamu nyekundu, chini kaandika: "Aongeze bidii. Anaota darasani." Maneno yangu mwenyewe, ya kwenye ripoti yake ya darasa la nne! Tumecheka hadi nikapaliwa.

Ijumaa, 7 Machi

Nne. Nilikuwa naibia – kitambaa chepesi, mwanga wa dirisha ukipita naona midomo. Leo kanishtukia. "Baba! Mwalimu mzima unaibia mtihani?" Kaleta taulo.

Midomo ndiyo iliyonibeba miaka yote ile. Kifaa changu cha kwanza nilikitupia kwenye droo. Mwalimu mkuu na kidude sikioni? Aibu. Mama yao alikuwa akinigusa bega kwanza, nigeuke, ndipo aseme, taratibu, uso kwa uso. Watoto hawakujua. Hakuniumbua hata siku moja.

Jumatano, 12 Machi

Saba! Na redio ikiwa imewashwa.

Jumatatu, 17 Machi

Mazoezi yamezaa matunda. Heri yasingezaa.

Nilikuwa sebuleni. Yeye jikoni, anaongea na simu. Nikasikia – kupitia mlango! Alikuwa akimwambia bosi wake kwamba cheo anakishukuru, ila mji ule ni mbali, ana baba. Bosi nadhani alikazana, maana akajibu kuwa mama yake aliacha neno kabla hajafa, na yeye hawezi kulikanyaga. Wamempa hadi Ijumaa, saa nne.

Ni mpima ardhi. Ana miaka arobaini na mmoja. Mwaka ule wa msiba alimrudishia mtu pete yake, kwa sababu ya neno hilohilo.

"Kitinda mimba abaki na baba." Niliwatangazia mimi, tukiwa bado kwenye korido ya wodi. Aliyekuwa ndani na mama yao nilikuwa mimi peke yangu.

Jumanne, 18 Machi

Nimemwambia aende. Kaka yake ana chumba, atanichukua. Kanikodolea macho kana kwamba nimetukana. "Baba, unataka nimkosee mama huko aliko? Meza dawa zako."

Nikameza dawa zangu. Mwoga mkubwa mimi.

Alhamisi, 20 Machi

Leo mbili tu. Taulo lile mdomoni mwake – sikuweza kulitazama.

Siku ile mama yao alikuwa amevalishwa barakoa ya oksijeni. Midomo siioni. Aliinua mkono, ulimchukua muda, akanigusa bega kwanza. Kama siku zote. Kisha akasema. Alisema kwa kirefu, macho yamenikazia. Nikaitikia kwa kichwa. Akatabasamu – niliona mashavu – akafumba macho.

Nimelia mbele ya mwanangu. Kadhani ni maksi.

Ijumaa, 21 Machi

Ya kwanza hadi ya tisa, zote sahihi. Safi kabisa! Ya kumi kaisoma mara mbili. Niliisikia vizuri, habari ya fundi na ngazi. Sikuiandika. Nimeandika yangu. Mkono umekubali.

Kaenda kuepua sufuria. Daftari liko wazi mezani, kalamu nyekundu juu yake. Bado robo saa ampigie bosi. Namsikia anarudi – ndara zake, sasa nazisikia. Mstari wa kumi nimeandika hivi:

"Mama yako alipoaga, kifaa changu kilikuwa nyumbani, kwenye droo. Sikusikia neno hata moja. Lile la wewe kubaki nililitunga mimi, kwa kuogopa kuachwa peke yangu."