Wale Wawili wa Kilima cha Mawe

Jumanne, 22 Aprili

Theluji tena. Nyembamba, ya kutania tu — inatosha kumlowesha mwanakondoo mgongo, haitoshi kuotesha hata jani moja. Robota za nyasi ghalani zimeshuka mpaka usawa wa kiuno changu, na mimi si mtu mrefu.

Mwanakondoo wa kwanza ameuawa. Nilimkuta kando ya kijito. Matobo mawili chini ya taya, safi, kama aliyedungwa sindano na muuguzi. Koyoti. Jirani yangu Delmar husema koyoti ni mbwa mwitu aliyenyimwa kimo akalipwa akili.

Verla alikuwa jikoni, hakugeuka. Alirudia lile analolisema tangu Krismasi: mwaka huu ukiwa kama mwaka jana, kondoo wote wanapanda lori, na yeye anakwenda kuishi kwa dada yake mjini Billings.

“Na mimi je?”

“Wewe si una miguu, Orrin.”

Mke wangu hana maneno ya kupoteza.

Nimezaliwa katika chumba hiki ninachoandikia. Huko Billings shemeji yangu ana zulia jeupe. Unavua viatu mlangoni, kisha unakaa kitini kama unasubiri kuitwa na daktari. Siku nzima.

Alhamisi, 24 Aprili

Amekuja Royce, mtegaji wa kaunti, anayelipwa kuua koyoti. Kijana, shingo nene, kofia safi mno kwa kazi yake. Alimgeuza mwanakondoo kwa ncha ya buti.

“Hawa ni wale wako wa kilimani, mzee.”

Wale wangu! Kweli nawajua. Ni koyoti dume na jike, wana shimo lao kule Kilima cha Mawe, nyuma ya malisho. Jike anachechemea. Dume ana sikio lililopasuka. Kila majira ya kuzaa huwaona wakipita katikati ya kondoo taratibu, kama wazee wa kanisa wanaokusanya sadaka — wanaokota makondo ya nyuma, wanafukua panya, wanakwenda zao. Kondoo hata hawainui vichwa. Sijawahi kuwaona wakimgusa mmoja. Nikasema hivyo.

Royce akacheka. “Mzee, hata mwizi wa benki kuna siku hupita mbele ya benki bila kuingia.”

Verla naye akacheka. Sijamsikia akicheka tangu Novemba. Basi jambo likaamuliwa hapo hapo. Hoja haikuwa na kazi tena.

Ijumaa, 25 Aprili

Tumewaua.

Mimi na Royce tulipanda kilimani alfajiri, tukajilaza nyuma ya vichaka. Nikapuliza filimbi, ile inayolia kama sungura aliyebanwa. Koyoti yeyote mwenye akili timamu kwanza huzunguka chini ya upepo akunuse wewe ni nani. Yule dume hakuzunguka. Alikuja moja kwa moja, mkia umelegea, kama jirani aliyeitwa kunywa kahawa. Nadhani alishaninusa zamani akajua ni mimi.

Nilimpiga. Jike akaja kumtafuta, akichechemea. Royce akampiga yeye.

Halafu kulikuwa na shimo. Na vitoto ndani. Royce alisema ataliangalia yeye. Mimi nikaenda kuziangalia tairi za pikapu. Tairi zilikuwa nzima.

Nyuma ya ghala nikampasua dume tumbo, kwa desturi. Panya. Manyoya ya panya. Majani. Kipande cha kondo la nyuma. Sufu — hakuna hata unyuzi mmoja! Royce alikuwa bombani ananawa. Nikafukia haraka kama paka.

Verla akauliza mlangoni: “Alikuwa na sufu tumboni?”

“Tele,” nikasema.

Usiku huu kuna pai ya tufaha. Nimekula vipande viwili. Sijui kwa nini naandika kwamba ilikuwa tamu.

Jumapili, 27 Aprili

Nimewaning'iniza kwenye seng'enge kando ya barabara, vichwa chini, wapitao waone. Ndivyo tunavyofanya huku. Watu walipokuwa wakitoka kanisani, kila gari lilipiga honi. Verla alisimama kibarazani akipunga mkono kama mke wa gavana.

Delmar alisimamisha pikapu katikati ya barabara. “Orrin! Mimi nilidhani bunduki ile unakaushia soksi!”

“Soksi zilishakauka.”

“Basi sasa njoo kwangu, na mimi nina wa kuuawa. Anza na mama mkwe.”

Mtu mzuri Delmar. Hajui kunyamaza, lakini mzuri.

Jambo moja. Baroni, mbwa wetu mweupe anayelala na kondoo, ana kawaida yake. Jua likizama hubweka kuelekea kilimani, na wale wawili hujibu. Wanajibizana kidogo, kama wazee wanaogombania mpaka wa shamba, kisha kila mtu analala. Leo alibweka. Akasubiri. Akabweka tena. Akakaa kitako akiangalia kilima mpaka giza likamficha.

Jumamosi, 3 Mei

Wiki nzima kimya. Wanakondoo wanarukaruka kama wamelipwa. Verla kampigia dada yake, nikasikia akimwambia huenda asije, huenda, asitayarishe chumba bado. Ameagiza mbegu za karoti na maharage. Mtu anayehama hapandi karoti.

Nataka kufurahi. Najaribu. Natabasamu mpaka taya zinauma.

Jumatano, 7 Mei

Mungu wangu.

Si kondoo mmoja. Wamelala toka kijitoni mpaka kwenye kona ya uzio. Na si matobo chini ya taya kama yule wa kwanza. Wameng'atwa mapaja, makalio, matumbo. Wengine hawakuliwa kabisa, wamechanwa na kuachwa. Mmoja alikuwa bado anapumua nilipofika. Nikafanya linalopaswa kufanywa. Hii si kazi ya mjuzi, ni ya wageni, vijana, wanajifunza kuua juu ya kondoo wangu.

Agnes naye amekufa. Alikuwa kondoo jike mzee kuliko wote, akitangulia, wengine humfuata hata akiingia mtoni. Alikufa akiwa amewageukia koyoti. Nimeona nyayo zake.

Royce akatembea malisho yote, akaona nyayo zimeingia kutoka pande tatu. “Kiwanja kimebaki wazi, mzee,” akasema. “Wale wawili walikuwa wanawafukuza wengine. Sasa hakuna wa kufukuza, kila mwenye meno anakuja kujaribu.”

“Mbona hukuniambia kabla?”

“Mbona hukuniuliza?”

Akatema mate, akaenda kushusha mitego. Hakusema kwa ubaya. Hilo ndilo lililoniuma.

Verla amewaona wote. Alipita mmoja mmoja.

Ijumaa, 9 Mei

Napuliza filimbi, hakuna anayekuja. Wananisikia — nawasikia wakinisikia! Huyu anaanza kulia huku, mwingine anapokea kule, wa tatu nyuma ya nyumba. Wanacheka. Najua koyoti hacheki.

Mitego ya Royce imekamata nungu mmoja, mwenye hasira nyingi.

Tumewafungia kondoo zizini, mchana na usiku. Wanakula nyasi za mwisho. Baroni anazunguka uzio usiku kucha, nyayo zake zimechubuka mpaka anaacha damu kwenye matope. Nilimfunga vitambaa, akavitafuna.

Jumatatu, 12 Mei

Nilikuwa nakunywa kahawa. Verla akakunja taulo, akalikunja tena.

“Halikuwa na sufu, sivyo?”

“Nini?”

“Tumbo la yule dume. Shati lile nililifua mimi, Orrin. Sufu hung'ang'ania kitambaa, unaitoa kwa kucha. Shati lako lilikuwa na manyoya ya panya.”

Nikasema nadhani maziwa yanachemka. Maziwa yalikuwa kwenye friji.

Nilingoja apige kelele. Bora angepiga. Alikaa kitini akatazama dirishani, upande wa bustani, pale alipopanda karoti.

“Ile wiki moja ilikuwa nzuri,” akasema. Kama mtu anayesifia chakula cha msibani.

Baadaye nilimsikia kwenye simu na mwenye lori. Jumamosi asubuhi, anasema. Kisha akamwambia: labda. Halafu tena: labda. Sijui hiyo labda anamwekea nani.

Jumatano, 14 Mei

Nyasi ghalani zimekwisha. Nimefagia sakafu nikawapa hata vumbi lake.

Na nje, sasa, baada ya yote, malisho yamekuwa kijani! Kijani cha kuudhi. Nikafungua lango asubuhi. Hakuna aliyetoka.

Nikatikisa ndoo. Nikapiga miluzi. Nikaingia nyuma yao nikawasukuma kwa magoti — wanazunguka zizi, wanarudi palepale, wanasimama kwenye matope wana wao chini ya matumbo, macho yote kilimani. Njaa inawachonga mbavu na hawatoki. Baroni amelala langoni, hainuki. Delmar alipita. Hakupiga honi. Alivua kofia, mtu ambaye hajawahi kunyamaza mbele yangu.

Verla akaja na koti langu la zamani. Aliangalia muda mrefu.

“Hawana wa kuwatangulia,” akasema.

“Jumamosi lori linakuja. Waache.”

“Mpaka Jumamosi watakuwa wameanguka. Na sijasema Jumamosi ndiyo. Nimesema labda.” Akafunga vifungo. “Leta bunduki, simama hapa. Lazima mmoja wetu aende mbele.”

Nimeingia ndani kuchukua bunduki. Naandika haya nimesimama, dirishani. Verla ametoka langoni, anatembea polepole kuelekea kilima, anawaita kwa sauti ile anayoniitia chakula. Ameshapita kijito. Ameshapita pale nilipomwokota Agnes. Anaendelea kuita, wala hageuki kuangalia, maana anajua ukigeuka wanasita.

Nyuma yake hakuna hata kondoo mmoja.

Sijui nimwite arudi, au nimwache aende akidhani wanamfuata —