Chumba Kimoja kwa Majina Mawili

12 Machi

Kwa Baba Kidoti,

Salamu. Natumaini u mzima na presha imetulia, na kwamba unakumbuka kumeza dawa bila kukumbushwa na mtu. Mimi sijambo, mgongo tu unanisumbua kwa kuinamia cherehani.

Naandika kwa sababu kwenye simu hasira hunitangulia, na wewe kwenye simu unajibu "mh" mpaka mtu adhani laini imekatika. Jambo lenyewe ni fidia ya ndege. Nilipeleka madai yangu, nikaeleza walivyotuweka pale uwanjani tangu jioni hadi mchana wa siku ya pili, eti injini inaangaliwa, tukafika kwenye harusi ya mtoto wetu wa pekee watu wakikunja meza. Wamenijibu kwamba Kidoti alitununulia tiketi kwa pamoja, majina mawili kwenye tiketi moja, kwa hiyo dai ni moja na haliendi mbele mpaka na wewe upeleke maelezo yako. Mahakama ilishatutenganisha zamani, kumbe kampuni ya ndege haina habari.

Ninachotaka unakijua. Kidoti kasema atavaa gauni lake tena apige picha na wazazi wake, ila twende wote wawili, la sivyo tusiende. Nusu nusu hataki. Nauli hiyo mimi sina na wewe huna, fidia ndiyo itakayotufikisha. Kwa hiyo andika, tafadhali, na uandike kwa ukamilifu. Nakala ya maelezo yangu nimeiweka humu ndani.

Mama Kidoti

20 Machi

Mama Kidoti,

Asante kwa salamu. Presha iko chini, dawa nameza, nazisahau Jumapili tu. Pole kwa mgongo. Kile kiti cha dukani kilikuwa kifupi tangu zamani, weka hata mto.

Maelezo nimeshayapeleka moja kwa moja kwao. Sikuandika mengi, unajua mimi na kalamu. Nimesema ndege ilichelewa, tulingoja pamoja mpaka siku ya pili, tukapewa juisi na biskuti, tukakosa harusi. Chumvi sikutia. Kazini nimezidiwa, joto likipanda friji za watu zinakufa zote kwa mpigo.

Yako nimeyasoma. Umeandika vizuri kuliko mimi.

Baba Kidoti

3 Aprili

Baba Kidoti,

Salamu zitakuja nikipoa.

Wamejibu. Kwanza wanasema maelezo yetu yanapingana: mimi nimeandika nilingoja peke yangu, wewe umeandika tulingoja pamoja, sasa wafuate la nani? Pamoja na nani, wewe? Nilikuona kwenye foleni ya mizigo, tukatikisiana vichwa kama watu waliowahi kufanya kazi ofisi moja, kisha sikukuona tena mpaka tunapanda ndege.

Hilo ningelimeza. La pili ndilo lililonifanya niache mkasi mezani nikatoka nje kuvuta pumzi. Wanasema kwa kila tiketi walitoa chumba kimoja cha hoteli palepale uwanjani, na chetu kilichukuliwa. Sahihi ni yako. Sahihi hiyo naijua, nimeiona kwenye cheti cha ndoa na nimeiona kwenye talaka.

Kwa hiyo mimi nilijikunja kwenye viti vya chuma, nimejifunika mtandio, nguo yangu ya harusi nimeitundika kwenye mgongo wa kiti isikunjike, na wewe ulikuwa umenyoosha miguu kwenye shuka jeupe. Chumba chenye jina langu! Halafu ukaandika "pamoja". Una uso mkavu wewe.

Wametupa hadi mwisho wa Mei tupeleke maelezo ya pamoja, tuliyokubaliana. Mimi na wewe, kukubaliana. Nimemwambia Kidoti asitungoje. Aliniuliza tu kama huku mvua imeanza.

Mama Kidoti

29 Aprili

Mama Kidoti,

Natumaini barua hii inakukuta salama. Mimi mzima. Nimechelewa kujibu kwa sababu niliandika nikachana, nikaandika nikachana.

Chumba nilichukua, ni kweli. Yule kijana wa kaunta aliita jina langu, nikaenda, akanipa kadi ya mlango akasema, "Mzee, wewe na mama mkapumzike." Nikasaini kabla sijafikiri. Nilipogeuka ndipo nikakumbuka hali yetu. Ulikuwa umekaa mkabala na lile dirisha kubwa, mimi nyuma ya nguzo yenye soketi za kuchajia simu, kadi mkononi. Ningekuja kukwambia nini? "Mama Kidoti, tuna chumba"? Ungenirushia kiatu, na ukumbi mzima ungejua kisa chetu. Nikasema ngoja kwanza anywe juisi yake. Ukanywa. Nikasema ngoja amalize gazeti. Ukamaliza, ukavua viatu, ukalala. Nikaona kumwamsha mtu aliyechoka ni vibaya.

Chumbani sikwenda. Ningelalaje humo, wewe uko pale? Nilikaa kiti cha nyuma yako. Mkoba wako ulianguka ukamwaga vitu, nikaviokota, nikaifunga kamba yake kwenye mguu wa kiti. Viatu nikavisogeza, maana mwanamke wa usafi alikuwa anakuja na mashine ya kupiga deki. Kisha ukaanza kukohoa, nikahamia upande unaotoka upepo wa kiyoyozi ili nikukinge, sijui kama ilisaidia. Kulipopambazuka ukaanza kujigeuza, nikarudi kwenye nguzo yangu.

Ndiyo maana niliandika pamoja. Sikulazimishi uamini. Nimemsimulia fundi mwenzangu, kacheka mpaka kaangusha bisibisi.

Baba Kidoti

11 Mei

Baba Kidoti,

Salamu. Natumaini u mzima, maana nataka haya uyasikie ukiwa mzima.

Sikukuamini. Nikampigia yule binti wa huduma kwa wateja, anayesema "nakusikia mama" kila baada ya neno, akaulizia hotelini. Mlango wa chumba kile haukufunguliwa hata mara moja. Na mimi kwenye maelezo yangu nilimshukuru mwanamke wa usafi kwa kunifungia mkoba! Ukayasoma. Ukasema nimeandika vizuri, ukanyamaza.

Nimekaa na jambo hili siku kadhaa. Ungekuwa umelala kitandani ningekuchukia kwa raha zangu, nimeshazoea. Hili limenishinda. Kitanda kilikuwepo, kadi ulikuwa nayo. Ungesema tu, "Chukua hii, nenda kalale, mimi nabaki hapa." Ningekwenda, Baba Kidoti. Ningenung'unika, lakini ningekwenda. Badala yake ukaamua kwa niaba yangu kwamba nitakataa, ukajipa jibu ambalo mimi sikulitoa, na wote wawili tukaamka shingo zimepinda.

Tena si uwanjani tu, ndivyo tulivyoishi. Mama yangu alipougua ulikuwa ukimpitishia maji ya moto kila asubuhi kabla ya kazi. Niliambiwa na jirani tulipokwisha kumzika. Wewe hukuwahi kulitaja, mimi nikadhani hujali, nikakununia msiba wote. Watu waliponiuliza kwa nini naomba talaka niliwajibu mambo mengi ya kuwaridhisha. Kwako nasema ukweli: nilichoka kuwa peke yangu ndani ya nyumba yenye mume. Leo ndiyo naambiwa ulikuwepo, nyuma yangu, umeshika kadi.

Sasa habari hii niifanye nini? Nimekasirika, kisha nimelia, kisha nimekasirika tena.

Mama Kidoti

16 Mei

Mama Kidoti,

Salamu. Barua yako nimeisoma asubuhi, nikaisoma tena kazini juu ya friji iliyofunguliwa.

Sina la kupinga. Nilidhani kukusumbua ndiko kukukosea, kwa hiyo nikinyamaza ninakutunza. Hata ulipoomba talaka nilidhani kukuzuia ni kukusumbua. Nilitaka kukuzuia. Nilikaa kwenye gari nje ya mahakama nikitafuta namna ya kulisema, mpaka nikakuona unatoka.

Kuhusu maelezo, andika wewe unavyoona ni kweli, nitasaini. Hata ukisema ulikuwa peke yako. Ulikuwa peke yako, sasa nimeelewa.

Baba Kidoti

22 Mei

Baba Kidoti,

Salamu nyingi. Mimi mzima, na leo mgongo umeniachia kidogo.

Barua yako niliifungua dukani, mteja kasimama mbele yangu na pini mabegani. Ikabidi nimwambie vumbi la kitambaa limeniingia machoni. Ni mtu mwema, akanipa leso na hakuuliza.

Siku zinatuishia, kwa hiyo nimeandika hivi:

"Sisi tuliosaini hapa chini tulikuwa wasafiri wa tiketi moja. Ndege yenu ilichelewa tangu jioni hadi mchana wa siku ya pili. Chumba mlitupa na hakuna aliyekitumia. Kosa hilo si lenu, ni letu. Harusi ya binti yetu tuliikosa sote wawili, na kosa hilo ni lenu. Mmeuliza kama tulingoja pamoja au kila mtu peke yake. Tulingoja pamoja, ila mmoja wetu hakujua."

Nimeisoma kwa sauti duka likiwa tupu, nikaona hakuna uongo ndani yake. Wakilipa, vizuri. Wakikataa tutachangishana kidogo kidogo, mimi kwa gauni, wewe kwa friji, mpaka nauli itimie. Kidoti nimemwambia atungoje. Aliuliza, "Wote wawili?" Nikamwambia wote wawili, akanyamaza hivyo hivyo unavyonyamaza wewe.

Mimi nimeshasaini, nafasi yako nimeiacha. Karatasi siitumi, iko hapa dukani chini ya mkasi. Uje uisaini. Ila ukifika usisimame nje ukanitazama kupitia kioo, ukingoja nimalize kazi, mpaka ukaamua nina shughuli ukaondoka. Fungua mlango, ingia, uniambie umekuja.

Mama Kidoti