Nilimcheka mwanangu kwa ajili ya nadharia

Dada Harieth, mwangaluka, habari za asubuhi. Nimeharibu, nisaidie. Mimi kibarua, niko Bukundi, mke wangu Kwandu alishafariki, nimebaki na binti mmoja, Specioza, na sasa huyo naye haongei na mimi.

Alikuwa anasoma digrii ya pili, mambo ya kusimamia miradi. Akaja kijijini kutafiti kwa nini mradi wa lambo letu la maji ulikufa. Lambo hilo mimi nilibeba mawe yake. Akaniambia, "Baba, chuoni wanataka nadharia, yaani wazo la kunionyesha pa kuangalia. Hii yangu inasema, mtu anayeguswa na mradi lazima asikilizwe." Nikamjibu mbele ya watu, "Lambo limejaa tope. Andika tope. Nadharia inabeba mawe?" Watu wakacheka, jirani yangu Mayige akamwita Profesa Tope, na mimi nikacheka. Specioza akaitoa nadharia yote, akaandika nilivyomwambia, msimamizi wake akamrudishia, akasema hii ni habari ya kijiji, siyo utafiti. Ameacha chuo. Yuko Bariadi anauza mitumba. Sijampigia, maana kwetu mtoto ndiye anaanza kumsalimia mzazi, nikasubiri, naye kimya. Mama yake angekuwepo angejua la kusema. Mimi sijui. Nimwache tu?

Baba Specioza

Baba Specioza, pole kwa upweke. Ila umekosea, na usimsingizie Mayige.

Tope kila mtu analiona. Lilitoka wapi? Wanaolima kule juu waliulizwa kabla lambo halijachimbwa? Wachunga ng'ombe je? Nadharia ilikuwa inamsaidia mwanao kuuliza hayo. Mkijenga si mnavuta kamba kwanza? Kamba haijengi, lakini bila hiyo ukuta unakwenda upande. Wala nadharia siyo msahafu. Akikuta kijiji kinasema tofauti, aandike tofauti hiyo, hapo ndipo kazi yake inapata maana.

Mambo ya nani aanze salamu, achana nayo. Aliyeumia ni yeye. Sema, "Nilikosea kukucheka," na usiongeze "lakini." Amrudie msimamizi wake mapema, kazi iliyorudishwa inarekebishwa. Akija tena kuhoji watu, wewe kaa wa kwanza kuhojiwa, mbele ya wote, ujibu anachouliza yeye, siyo unachotaka kusema wewe.

Piga simu leo. Anaweza asipokee. Piga tena kesho.