Tivi ya Ocen na Maiki ya Baba Furaha

Jumamosi usiku, Nateete

Sinunui. Acha Ocen, mwenye kibanda cha sinema ng'ambo ya barabara, ajigambe na tivi yake mpya. Eti picha inabadilika mara mia na ishirini kwa sekunde. Ameandika hata ubaoni nje, kana kwamba watu wanaingia kibandani kuhesabu.

Asubuhi nilikwenda dukani nikiwa karibu kukubali. Muuzaji akaniwekea video ya samaki, wanateleza vizuri kabisa. Nikatoa flashi yangu. "Kaka, niwekee hii, ndiyo watu wa kibanda changu wanatazama." Filamu ya mapigano nayo ikateleza mno, ikageuka kama video ya harusi. Akabonyeza-bonyeza rimoti, akashindwa kuirekebisha. "Utazoea tu, mama."

Mimi nizoee?

Lakini njiani kurudi niliogopa, siwezi kuficha. Vijana wa benchi letu la mbele wameshahamia kwa Ocen, na wengine wanaweza kuwafuata.

Jioni mume wangu, Baba Furaha, alishika maiki kama kawaida, akawatafsiria watazamaji filamu kwa Kiswahili chake cha Bukavu, akimtukana jambazi kwa niaba ya wote. Katikati ya vita, tivi yetu kuukuu ikaganda. Nikajua sasa wataondoka.

Baba Furaha hakutazama hata kioo. Filamu anaijua. Akaendelea tu: nani kamrukia nani, bunduki inalia vipi, mama wa jambazi anasema nini.

Picha ilibaki pale pale mpaka mwisho. Hakuna aliyeinuka.